Chungu cha mkaa cha kulelea vifaranga: kipupwe kizima nacho hapa Newala

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniuliza kila mkinikuta kwenye cherehani: shilingi 15,000, pamoja na kifuniko chake. Nilikinunua Agosti ya mwaka jana kwenye maonyesho ya Nanenane, uwanja wa Ngongo pale Lindi, kwa mama mmoja mfinyanzi aliyekaa pembeni kabisa, ukishamaliza mabanda yote ya matrekta na mbegu. Alianza na 20,000. Nikamwambia, mama yangu, mimi nasafiri na udongo huu mpaka Newala, ukivunjika njiani nitamlilia nani? Akacheka, akashusha. Nikakipakata kama mtoto mpaka Masasi, nikakipakata tena kupanda mlima kuja huku juu, na konda akanitoza hela ya mzigo bila hata haya, mzigo wenyewe uko mapajani mwangu.

Ndugu zangu wa Mtwara mjini na Mikindani najua mnacheka. Kuku na baridi wapi na wapi? Huko kwenu kipupwe ni kujifunika shuka moja badala ya kulala bila shuka. Njooni Newala mwezi wa saba. Kusi ikivuma, ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma kupitia Shimo la Mungu, ule mteremko mkali ukingoni mwa mji, unaingia mjini usiku wa manane kama mgeni asiyebisha hodi. Asubuhi majani yanachuruzika maji utadhani imenyesha. Kipimajoto changu cha ukutani, kile cha kupimia chumba, kimewahi kusoma nyuzi 15 saa kumi na moja alfajiri, ndani ya banda. Mtu mzima unavaa sweta ukalala. Kifaranga wa siku tatu hana sweta. Ana manyoya ya pamba tu, na joto la mwili wake bado hajui kulishika mwenyewe.

Kwa wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 mpaka 35 pale anapokaa, mgongoni kwake, si juu ukutani. Kila wiki unapunguza kama nyuzi tatu hivi mpaka manyoya halisi yaote, wiki ya tano au ya sita. Sasa toa 15 kwenye 33 uone pengo tunalotafuta kuliziba. Kuku mama analiziba kwa kukaa tu. Lakini mimi nilinunua vifaranga 60 vya chotara kutoka Mtwara, vimekuja kwenye boksi lenye matundu juu ya basi, havina mama. Mama ni mimi.

Mwaka juzi nilijaribu kuwa mama kwa balbu. Ile nyekundu kubwa ya wati 250. Sina ugomvi na balbu yenyewe, inatoa joto zuri, unaining'iniza, ukiona vimezidiwa unaipandisha juu kidogo, ukiona vimejikunyata unaishusha. Ugomvi wangu ni wa aina mbili. Wa kwanza: wati 250 kwa saa kumi na mbili ni uniti tatu kila usiku. Siku 25 umemaliza uniti 75, na wenzangu wa uniti za bei nafuu, zile za elfu moja unapata nane na kitu, mnajua ukivuka 75 kwa mwezi zinazozidi zinakuja kwa bei nyingine kabisa. Hapo bado hujawasha taa, hujachaji simu, watoto hawajaangalia tamthilia. Wa pili ndio ulioniuma. Usiku mmoja umeme ulikatika saa nane, mimi nimelala fofofo. Balbu ikizima inazima papo hapo, haibaki na joto hata la dakika kumi. Vifaranga vikakimbiliana kwenye kona, vikapandana. Asubuhi nilitoa kumi na moja vimekufa chini ya rundo. Havikufa kwa baridi. Vilikosa pumzi, vimekandamizwa na wenzao waliokuwa wanatafuta joto. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani siku ile sikushona kitu.

Ndiyo maana yule mama wa Ngongo aliponionyesha chungu chake nilisimama.

Kilivyo: ni chungu chenye tumbo, kikubwa kama cha kupikia ubwabwa wa msiba, udongo wake mnene karibu vidole viwili. Ubavuni kina mlango wa kuingizia makaa, unapita mkono wenye koleo. Karibu na shingo kina matundu sita ya kupumulia. Chini kina miguu mitatu mifupi iliyofinyangwa pamoja nacho, hivyo hakigusi maranda moja kwa moja. Kifuniko kina kishikio katikati. Kishikio hicho kiling'oka wiki ya pili, nakishika kwa kipande cha jinzi sasa. Hapo nimempunguzia maksi.

Jinsi ya kukitumia ni rahisi kwa mtu aliyezoea pasi ya mkaa, na mimi pasi ya mkaa ndiyo mkate wangu. Huweki mkaa mweusi ndani ya chungu hata siku moja. Unauwasha nje kwenye jiko, unasubiri moshi uishe wote, makaa yawe mekundu mpaka ndani na yameanza kuvaa majivu meupe. Ndipo unayahamisha kwa koleo, unayafunika kwa majivu kiganja kimoja au viwili, unafunika kifuniko. Majivu yanafanya makaa yaliwe polepole. Nikijaza saa mbili usiku, makaa yananifikisha saa nane, saa nyingine nane na nusu. Na hata yakiisha, udongo unabaki wa moto kiasi cha saa moja na nusu zaidi. Hii saa moja na nusu ndiyo niliyolipia 15,000. Naamka saa tisa kwa kengele ya simu, naongeza, narudi kulala. Nikichelewa kuamka, vifaranga vinapoa taratibu kama chai, si ghafla kama vile vya balbu.

Joto lake nimelipima. Nilifunga kipimajoto kwenye kijiti, nikakiweka kimo cha mgongo wa kifaranga. Shubiri moja kutoka tumbo la chungu kilisoma 36. Shubiri mbili, 32. Ukingoni mwa bati nililozungushia, 24. Hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote, kwa sababu kifaranga anachagua mwenyewe. Akisikia joto anasogea nyuma, akisikia baridi anarudi. Nimezungusha wavu wa kuku kuzunguka chungu, umbali wa vidole vinne, wasikiguse. Msiache wavu. Siku ya kwanza kabla sijauweka mmoja alijiegemeza, akaungua kifua.

Na kipimajoto mkikosa, vifaranga wenyewe wanasema. Vikirundikana kukizunguka chungu vinalia kwa sauti kali, vinaona baridi. Vikikimbilia ukingoni, midomo wazi, mabawa yamelegea, vinaungua. Vikijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia upande wa pili, tafuta tundu. Vikitawanyika vingine vinakula, vingine vimejilaza miguu nje kama walevi, nenda kalale.

Sasa lawama. Chungu cha kwanza kilipasuka. Ndiyo, hiki ninachokisifu ni cha pili. Cha kwanza nilikijaza makaa pomoni usiku wa kwanza kabisa, hakijawahi kuona moto tangu kitoke kwa mfinyanzi, na kimekaa stoo miezi kumi kinanyonya unyevu wa ukungu wetu. Kililia paa! Ufa kutoka mlangoni mpaka shingoni. Nilipompigia simu yule mama akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu, chungu kipya unakizoesha: siku tatu moto mdogo mdogo mchana, kila siku unaongeza kidogo, ndipo unakipa kazi. Mbona hukuniambia Ngongo? Akasema, nilijua unajua. Bibi yangu angejua, ni kweli. Mimi nimekulia kwenye sufuria. Nilinunua kingine kwa bei ileile, safari hii kikaletwa kwa gari la mizigo ndani ya boksi la maranda, na nikakizoesha kama alivyosema. Hakijapata hata mstari. Lakini mwenye kuuza ampe mnunuzi maelezo hayo kabla ya hela kubadilisha mkono, hilo sitoliacha.

Jambo la pili ni zito na naomba mlisome mara mbili. Usiku wa nne upepo ulikuwa mkali, nikaamua kuziba kila mahali. Turubai madirishani, viroba chini ya mlango, nikapachika mpaka vitambaa kwenye mianya ya paa. Nikajisifu. Saa tisa nilipoingia kuongeza makaa, kichwa kikaanza kunigonga kabla sijafika kwenye chungu. Vifaranga havikulia. Vilikuwa vimelala chali, vingine vinafungua midomo bila sauti. Nilibeba beseni zima nje kwenye ukungu, baridi ile ile niliyokuwa naikimbia, nikavipepea kwa ungo. Vinne havikuamka. Makaa yakikosa hewa ya kutosha yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi, na haichagui kifaranga wala mwenye kifaranga. Ni hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko chumbani. Tangu siku ile mwanya wa juu chini ya paa uko wazi upana wa kiganja, pande mbili, usiku kucha. Upepo unaokaa juu ya vichwa vyao hauwadhuru. Unaowapiga ubavuni chini ndio mbaya. Ziba chini, acha juu. Na kama mnalea vifaranga ndani ya chumba mnacholala, kama wengi tunavyofanya, chungu hiki hakiwahusu. Tumieni balbu, au kuku mama.

Kuhusu kuziba, nyongeza moja kwa wakulima wenzangu wa korosho. Mifuko ya salfa tunayoitupa msimu huu wa kupulizia, msiitundike bandani kuwa pazia. Ile vumbi ya njano hata ukung'ute vipi inabaki, na macho ya kuku ni kama ya kwako. Wala msiwashe maganda ya korosho ndani ya chungu. Jirani yangu alijaribu, maana ni ya bure. Mafuta ya maganda yale yanababua ngozi, na moshi wake unakaba koo mpaka barabarani. Ilibidi tumtoe yeye kwanza, kuku baadaye.

Na nyongeza ya pili, kwa mafundi cherehani, tuko wachache humu lakini tupo. Vipande vya kitenge havifai kuwa matandiko ya vifaranga. Nilidhani nimepata matumizi ya taka zangu. Nyuzi zilifunga miguu yao kama pingu, nikakaa jioni nzima na kisu cha kutatulia mishono nikikata mmoja mmoja. Maranda ya fundi seremala, makavu, yasiyo vumbi sana, unene wa vidole vinne kutoka sakafuni. Yakilowa karibu na chombo cha maji unatoa pale pale unaweka mengine. Unyevu ukikaa, harufu ile ya kuchoma macho inapanda, na baridi ya maranda mabichi ni mbaya kuliko ya hewa.

Gharama. Gunia la mkaa nilinunua 25,000, likanilea vifaranga usiku 31, na pasi yangu ilikuwa inadokoa humo humo. Yaani kama 800 kwa usiku. Ukiwa bado ndani ya uniti za bei nafuu balbu ni rahisi zaidi, sitawadanganya. Uniti tatu hazifiki 400. Mnacholipia kwenye mkaa ni ile hali ya kutotegemea waya. Halafu kuna kuamka saa tisa, ambako sijui mnakupangia bei gani. Mume wangu alisema atakuwa anaamka yeye. Aliamka siku mbili.

Hesabu ya mwisho ya vifaranga: kati ya 60, waliofika wiki ya sita ni 53. Wanne wa ile hewa, mmoja aliyeungua kifua, wawili walifika na boksi wakiwa tayari wamelegea. Ukiniondolea ujinga wangu mwenyewe chungu hakijaua mtu.

Hapa sasa ndipo ninapotofautiana na muuzaji. Yeye anasema kinafaa kwa kuku wa umri wowote, weka katikati ya banda kubwa, mayai hayatapungua kipupwe. Nilikiweka siku tatu kwa makoo yangu tisa na jogoo. Siku ya kwanza walikikwepa wote wakaenda kubanana pembeni. Siku ya pili jogoo akapanda juu ya kifuniko, akashuka kwa kelele nilizozisikia chumbani. Siku ya tatu koo mmoja aliamka na mkia umeungua ncha, banda zima majivu. Nikakitoa.

Kuku mkubwa ana joto la mwili kama nyuzi 41, amevaa manyoya ambayo akiyafutua anajitengenezea godoro la hewa. Mtoto wa dada yangu yuko Kanada, anafuga kuku wanane shambani nje ya Winnipeg, mahali ambapo usiku wa Januari kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri ni kawaida. Nilimpigia nikimwuliza wanawashia nini. Akanijibu, mama mdogo, mimi nawapashia maji tu yasigande. Kuku nawaacha. Anachohangaika nacho ni banda kuwa kavu, kwa sababu hewa yenye unyevu ndiyo inayogandisha undu, ule upanga mwekundu wa kichwani, mpaka ncha zinakuwa nyeusi na kukatika. Kwa hiyo naye anaacha matundu juu, na matandiko mengi chini, na fito za kulalia anaweka zenye upana ili kuku akikaa kifua kifunike vidole vya miguu. Sisi wa nyuzi 15 tunataka jiko la nini?

Nilichowafanyia makoo wangu hakikunigharimu hata mia tano. Nilitoa zile fito nyembamba za duara nikapigilia ubao wa upana wa vidole vitatu, juu kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa upande wa kusi. Nikakandika udongo nyufa za chini. Jioni saa kumi na moja nawapa mahindi ya kuparaza mpaka mfuko wa chakula shingoni ujae, kwa sababu chakula kinachosagwa usiku ndicho mkaa wao. Wanakula zaidi msimu huu, hilo jiandaeni.

Na jamani, tuache kusingizia baridi kila kifo. Mtaani kwetu mwezi wa saba banda moja liliisha lote ndani ya siku tano, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, na watu wakasema ni kusi. Ule ni ugonjwa wa mdondo, yaani kideri. Hakuna chungu wala balbu inayouzuia. Kinachouzuia ni chanjo, tone moja la jicho kila miezi mitatu, na chupa moja ya ile ya I-2 inatosha kuku wa majirani wote mkichangishana. Mimi huwa nachanja mwezi wa tano, kabla ukungu haujaanza.

Kwa hiyo maksi zangu: kwa vifaranga wasio na mama, banda la nje lenye mwanya juu, na mtu wa kuamka saa tisa, nane juu ya kumi. Moja nimeikata kwa kishikio, moja kwa kuniachia nipasue cha kwanza ndipo nifundishwe. Kwa kuku wakubwa, sifuri, hata kama kingekuwa cha bure. Mkienda Ngongo mkamwona mama amekaa pembeni, mbali na matrekta, mwulizeni kwanza kinazoeshwa vipi, halafu mtajeni mshonaji wa Newala, atashusha bei au ataipandisha, sijui anavyonikumbuka.

Kukiona changu msije kwangu. Vifaranga vilipoota manyoya nilikisafisha nikakianika barazani, mama mkwe akapita, akauliza hiki ni cha nini, nikamweleza. Akasema hata yeye miguu inamuuma kipupwe hiki. Kipo barazani kwake tangu wiki mbili zilizopita, nje, penye hewa, nimehakikisha mwenyewe, na mkaa anatuma mtoto kuja kuchukua kwangu.